Shati la Bonge

Wifi yangu alikuwa fundi cherehani, na alizungumza na Mungu kana kwamba yupo hapo kwenye stuli ya pili. Uzi ukikatika: "Baba, umeuona huu?" Sindano ikipotea: "Baba, wewe unajua ilipo, usinichezee." Nikimtania kwamba Mungu ana kazi nyingi, amwache apumzike, hunijibu bila kuinua kichwa, "Hachoki huyo."

Mumewe, kaka yangu, alikuwa mwoka mikate, mtu wa miraba minne. Mtaa mzima ulimwita Bonge. Ugonjwa ulipomwingia tumboni akakonda mbele ya macho yetu, mpaka jina lenyewe tukaona haya kulitamka.

Daktari alipotuambia tumrudishe nyumbani, wifi alinunua kitambaa cheupe, akaanza kumkatia shati la kwenda nalo kanisani akishapona. Hakumpima. Alitumia vipimo vya zamani alivyokuwa navyo kichwani. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nilishayaona. Nilipoyaona yale mabega mapana juu ya meza, nikapandwa na hasira.

"Wifi, aliyelala chumbani si wa shati hili! Chukua futi ukampime."

"Nimemwomba Baba anirudishie mume mzima, wifi, si nusu mume. Nikishona dogo, si nitakuwa nimemwambia simwamini?"

Kaka alitusikia kutoka kitandani, akacheka mpaka akakohoa. "Mwache ashone, mdogo wangu. Nitalijaza."

Hakulijaza. Alifariki asubuhi, wifi akiwa anatia kifungo cha mwisho.

Wanaume walipokwisha kumvalisha na kumlaza kwenye jeneza, tuliingia sisi wawili. Shati lilikuwa limemmeza. Kola ilisimama mbali na shingo, mikono ilifunika vidole. Niliwaza watu watakaokuja kumuaga, nikaumia. Nikachukua pini nilibane kwa nyuma, angalau wasione.

Wifi akanishika mkono. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Tangu asubuhi alikuwa akimuuliza Baba yake kwa nini, kama mtoto aliyenyimwa, na hakuwa amejibiwa.

"Usilipunguze," alisema. "Huko aendako atarudishiwa mwili wake. Unataka limbane?"

Nikazirudisha pini kwenye kopo. Kisha nikamfunga kaka yangu kifungo cha juu.