Siku Mbili za Kocha Hasham

Hasham aliondoka Tanga mwaka 1973, kijana wa kriketi asiyejua theluji wala besiboli. Toronto ilimfundisha vyote viwili. Miaka kumi baadaye alikuwa fundi wa mitambo ya joto katika chuo kimoja cha Etobicoke, upande wa magharibi wa jiji, na kila alipopita nyuma ya maegesho ya magari aliona kiwanja kilichomezwa na magugu, kikamkera. Akaomba ruhusa, akakifyeka kwa mkono wake, akakusanya wanafunzi kumi na mmoja, akaanzisha timu ya besiboli. Aliifundisha miaka ishirini na mitatu. Mara nne waliingia fainali ya jimbo, na mara nne walirudi mikono mitupu.

Alipostaafu mwaka 2006 ni yeye aliyewaambia wakuu wa chuo, "Mpeni Kinoti." Kinoti alikuwa Mmeru aliyekuja kusoma akiwa hajawahi kuushika mpira ule. Hasham alimfinyanga mpaka akawa mchezaji, kisha msaidizi wake. Hakuna aliyebisha.

Tatizo ni kwamba Hasham aliiacha kazi, lakini kazi haikumwacha. Kila mazoezi alikuwepo, ameegemea uzio, akipaza sauti. Kinoti akisema kulia, yeye anasema kushoto. Wachezaji wakawa hawajui wamsikilize nani. Siku moja Kinoti akamfuata pale uzioni.

"Mzee, nakuheshimu kama baba," alisema. "Lakini hawa vijana wanachanganyikiwa. Naomba siku za mazoezi uniachie."

"Unanifukuza kwenye uwanja nilioufyeka mimi?"

"Sikufukuzi, mzee. Nakuomba."

Hasham akageuka, akaingia ndani ya gari lake. Hakurudi tena kwa miaka minane. Chuo kilimwalika kwenye sherehe, hakujibu. Marafiki wakimuuliza habari za timu, alisema, "Ipo timu?" Mkewe, Gulzar, alimjua. Kila vuli, msimu ulipoanza, alimwona akilifungua gazeti kuanzia kurasa za nyuma, kwenye matokeo madogomadogo ya vyuo.

Oktoba 2014 Gulzar alirudi kutoka zahanati na habari. Muuguzi aliyempima presha alikuwa Katunge, mke wa Kinoti, naye macho yalikuwa mekundu. Mama yake Kinoti alikuwa amefariki huko Meru.

"Lini?" aliuliza Hasham.

"Jana. Vaa koti, Baba Fareen. Tunakwenda kutoa pole."

Nyumbani kwao Tanga msiba haukuwa na ugomvi. Hata aliyekuwa hasalimiani na jirani yake alikwenda kukaa naye. Akavaa koti.

Ghorofani kwa Kinoti sebule ilijaa watu wa kanisani. Katunge aliwafungulia mlango, akamshika Hasham mkono kwa mikono yake yote miwili, wala hakuuliza kilichomleta. Kinoti aliinuka kitini. Alikuwa amenenepa, na mvi zilikuwa zimeanza pembeni.

"Pole sana, mwanangu," alisema Hasham. Hakuwa amepanga kumwita mwanangu. Lilimtoka lenyewe.

Kinoti alimkumbatia, akamshikilia kwa muda. Kisha akamvuta hadi jikoni.

"Nasafiri kesho," alisema. "Na Jumamosi tuna nusu fainali, Jumapili fainali. Msaidizi wangu ana miezi miwili tu kazini, wachezaji watamzidi nguvu. Mzee, nishikie timu."

Hasham alimtazama ili ahakikishe hafanyiwi mzaha. "Mimi? Baada ya yote yale?"

"Nani mwingine? Lakini nina ombi moja. Ichezeshe timu hii kama yangu, si kama ile yako." Akampa daftari lililoandikwa habari za kila mchezaji: anayeogopa mipira ya chini, anayefaa kukaripiwa, anayeharibika akikaripiwa.

Hasham alilisoma usiku ule na asubuhi yake. Kulikuwa na mambo ambayo yeye asingeyafanya kamwe. Kulikuwa pia na mambo aliyotamani angeyajua alipokuwa na miaka arobaini.

Jumamosi walishinda kwa urahisi. Jumapili baridi ilikuwa inauma, na mpaka raundi ya tisa, ya mwisho, walikuwa mbele kwa pointi moja tu. Mrushaji wao, Hyacinthe, mtoto wa Wakongo wa Etobicoke, alikuwa amechoka. Wapinzani walikuwa na watu kwenye vituo viwili, tayari kukimbia kuleta pointi, na bado alihitajika mpigaji mmoja tu atolewe ili mchezo uishe. Kanuni ya Hasham ya miaka ishirini na mitatu ilikuwa moja: mrushaji akichoka, mtoe. Mwingine alikwishapasha misuli na alikuwa anasubiri. Lakini daftari lilisema: *Hyacinthe akichoka ndipo anapotulia. Mwache.*

Hasham alitembea polepole hadi katikati ya uwanja.

"Kocha Kinoti angefanya nini hapa?" alimuuliza.

Hyacinthe alielewa Kiswahili, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa pale. Angeniacha, alisema.

"Basi maliza kazi."

Akarudi zake benchi. Mpira wa kwanza, mpigaji akakosa. Wa pili, akakosa; akikosa na wa tatu, ametolewa. Wa tatu Hyacinthe aliurusha polepole kwa makusudi, mpigaji akajitupa mapema, akaupiga upepo. Mchezo ukaisha. Wachezaji wakamwangukia mwenzao, wakarundikana kama magunia, na mzee wa miaka sabini na moja akajikuta anakimbia kuelekea kwenye rundo lile, kofia imeanguka, Gulzar anapiga vigelegele kutoka jukwaani mpaka watu wanageuka kumtazama. Kombe la kwanza katika maisha ya timu ile!

Kinoti aliporudi, chuo kiliandaa hafla. Mkuu wa michezo alimwita Hasham jukwaani alinyanyue kombe. Hasham alipanda, akalichukua, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mwaka 2006 nilisema apewe Kinoti," alisema, "halafu nikakataa kumpa. Leo nampa." Akamwita, akamkabidhi kombe mbele ya watu wote. Ukumbi ukasimama. Kinoti akalinyanyua kombe juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika mzee bega.

Msimu uliofuata Kinoti alimwomba akae naye benchi. Hasham alikubali, kwa sharti kwamba akifungua mdomo bila kuulizwa, Gulzar aruhusiwe kuja kumtoa.