Bibi wa kitabu cha Kigoma

Leo kitabu changu kimeponea chupuchupu kufukuzwa parokiani.

Jumapili baada ya misa huwa tunakaa wasomaji wachache, kila mmoja anaeleza anachosoma na alivyokiona.

Zamu hii riwaya yangu niliyonunua Kigoma ilikuwa kwa Papa Kabwe, aliyehamia hapa Kalemie kutoka Manono.

Akasimama nayo mkononi. Amekasirika kweli.

"Hiki kitabu kitoke hapa! Mutoto wa shule ya musingi ako na bibi! Na huyo bibi hana hata jino moja!"

Nikaomba nione ukurasa. Kweli, mtoto anatoka shuleni, bibi yake anampokea, anamwosha miguu.

Hapo nikaelewa. (Wenzangu wa ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, mjue kwamba kwetu bibi ni mke.)

"Papa, kule Kigoma bibi si mke. Bibi njo nkambo, mama ya mama yako."

Tulicheka hadi padri akachungulia dirishani. Papa Kabwe naye akacheka, akanirudishia kitabu kwa mikono miwili.

Mke wake, Mama Ngoie, hakucheka.

"Kumbe! Siku ile kule hoteli ya Kigoma ulisema, 'Niko na bibi yangu.' Njo maana walitupatia vitanda viwili! Na yule binti wa hoteli akanishika mukono ku ngazi!"



Papa Kabwe sasa anataka tena kitabu kitoke.

Nyinyi mnasoma nini siku hizi? Na kimetoka upande gani wa ziwa?