Ziwa Ngozi na Baba Mkwe

Jumamosi, Julai. Asubuhi ukungu ulikaa chini hapa Uyole, malori yakawa yanapita yamewasha taa kama usiku. Saa nne jua likatoka, lakini upepo wa baridi haukuacha.

Baba mkwe anaondoka kesho kurudi Pemba. Amekaa kwetu wiki nzima, sijamwangalia usoni wala hajasikia sauti yangu. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke hakutani na baba wa mume wake. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa jikoni. Chakula anapeleka mume wangu. Mama yangu alinilea hivyo na siwezi kusema alikosea. Lakini mzee naye hajakosea. Kwao mke wa mwana ni binti, wanakaa wote barazani wanachambua mchele. Juzi nilimsikia akimwambia mume wangu, "Mkeo kama hanitaki niambie tu. Umri huu sisafiri tena kuja kumkimbiza mtu ndani ya nyumba yake."

Mume wangu akamweleza mila. Sijui kama alieleza vizuri, maana mwenyewe huwa anaicheka. Ila nisimsingizie, alijaribu.

Ndiyo nikamwambia mume wangu twende Ngozi. Mzee alikuwa ameuliza, huku kusiko na bahari, sikukuu watu wanatembea wapi? Kwao maji ya bahari yakitoka mnabeba muhogo wa kuchemsha, mnashinda ufukweni, hamtoi hata senti. Ziwa letu nalo halina gharama sana: nauli hadi njia panda, kiingilio cha wenyeji, basi. Nikachemsha viazi, nikajaza chai ya tangawizi kwenye chupa.

Msituni nilitembea nyuma kabisa. Njia ile ina utelezi hata kiangazi, lakini mzee alipanda vizuri kuliko nilivyodhani. Ujana wake wote alipanda mikarafuu akichuma. Tulipofika juu, ziwa likaonekana chini kule, la kijani, limetulia.

"Hili haliendi kokote?" akauliza.

"Haliendi, Baba," mume wangu akajibu.

"Halijai, halitoki?"

"Hapana."

"Basi limestarehe."

Mara akajishika kichwa. Kofia ameisahau kwenye gogo tulipopumzika. Mume wangu akashuka kuifuata. Nikabaki nyuma ya mianzi na chupa ya chai, mzee yuko kwenye jiwe, amenipa mgongo, anatetemeka. Nilifikiri nisubiri mume wangu arudi. Nikafikiri niiweke chupa njiani halafu nikimbie, kama mtu anayemwekea mbwa chakula, nikaona aibu.

Yeye ndiye aliyeanza. Hakugeuka.

"Wewe chupa," akasema, "mwambie binti yangu nimekwishaelewa. Sikuja kumvunjia adabu za kwao. Lakini hii baridi imeingia mpaka ndani ya kanzu."

Nikacheka bila kutaka. Nadhani alisikia. Nikamimina chai, na sauti ikatoka nyembamba, sikuijua kama ni yangu. "Chupa inasema tangawizi imezidi. Na mzee aendelee kutazama ziwa."

"Ziwa nnalitazama tangu muda ule. Kinachongojwa kikombe."

Nikasogea huku nimegeuza uso pembeni, nikanyoosha mkono. Naye akanyoosha wa kwake kwa nyuma, akapapasa mpaka akakipata kikombe. Vidole vyetu vikagusana, vyake vya baridi kama bomba la asubuhi.

Alikunywa chote. Kisha akasema, "Chupa, mwambie mwakani nikija nitakuja na sweta."

"Imesikia," nikasema.

Mume wangu aliporudi na kofia alitukuta kila mtu na upande wake, akaniuliza kwa macho kama kuna ubaya. Nikamwambia ampe baba yake viazi.

Sijui mama angesema nini. Usoni sikumtazama, hilo ni kweli. Nimeongea naye, hilo nalo ni kweli. Nimepima huku na huku, sijajua lipi zito. Labda nimekosea. Ila mzee amesema mwakani.

Jioni nilipika ndizi mbichi na papa mkavu ambaye mzee alimleta toka kwao, nikaunga kwa tui la nazi alizoleta pia. Papa sikuwahi kumpika, alibaki na chumvi kidogo. Wao walikula sebuleni, mimi jikoni, na mlango wa katikati leo sikuufunga. Nilimsikia akiiambia sufuria kwamba ndizi zimewiva vizuri, iongeze. Nikampa mume wangu ampelekee zilizobaki.