Kumwogesha Baba Mkwe

Nilipokuwa nazunguka kuwahoji watu wanaouguza wagonjwa wao nyumbani, karibu wote walinijibu kwamba wako salama. Niliwauliza wanalala vipi, migongo yao ikoje, kama wanapata hata muda wa kwenda kusuka nywele. "Namshukuru Mungu, dada nesi." Jibu hilo lilinichosha kuliko safari zenyewe. Natoka Majengo, Mpanda mjini, asubuhi na mapema, napigwa vumbi juu ya pikipiki, halafu mtu mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi ananiambia yuko poa. Mimi tangu utoto si mtu wa kutulia. Nikikaa kwenye kigoda, mguu unacheza wenyewe.

Msimamizi wangu wa masomo alikuwa amenionya: kazi ya mtafiti ni kuuliza na kusikiliza, habari za kushikashika wagonjwa niziache hospitali. Nilimkubalia kwa mdomo.

Siku hiyo nilikuwa Kasekese, kwa mama mmoja aliyekuwa akimuuguza baba mkwe wake. Mzee alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito. Mwanawe, yaani mume wa mama huyo, alikuwa Ikola, ziwani, kwenye kazi ya dagaa na kurudi kwake kulikuwa kwa nadra. Tulikaa sebuleni, pazia tu likitutenganisha na kitanda cha mgonjwa.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Nichoke na nini, dada? Huyu ni baba."

Alijibu kwa sauti ya juu kidogo, ameelekea kwenye pazia. Hapo nikaona upuuzi wa kazi yangu. Kwetu huku, kusema umechoka wakati mgonjwa anakusikia ni sawa na kumwambia afe, na mimi nilikuwa nimezunguka vijiji vyote hivyo nikiwauliza watu swali hilo kando ya vitanda. Nilitamani kuondoka. Lakini kulikuwa na harufu, na muuguzi yeyote anaijua harufu ile. Haifichwi na sabuni.

"Mama, huwa unamgeuza?"

"Namgeuza, namwogesha kila siku. Hata sasa hivi maji yako tayari."

Nikaomba kuona. Akabeba beseni, akaingia, akapiga magoti. "Shikamoo baba. Nimekuja kukuogesha." Kisha akachukua kanga iliyokuwa begani, akajifunga machoni, akakaza fundo kisogoni. Akaanza kupapasa kitanda hadi akaufikia mkono wa mzee.

Nilibaki mlangoni.

"Ni mkwe wangu, dada," akasema. "Siwezi kumwona uchi. Mume wangu alinipigia simu akasema nifanye tu, ni ugonjwa. Ila baba mwenyewe hajasema."

Alimwosha vizuri, siwezi kumsingizia. Kifua, kwapa, vidole kimoja kimoja. Alipofika chini ya kiuno ndipo aibu ilipomshika, akapitisha kitambaa harakaharaka, juu juu tu. Kisha akamgeuza mzee kwa ubavu, nami nikakiona. Juu kidogo ya makalio kulikuwa na kidonda chenye kina cha kuingia kidole, kingo zake nyeusi.

Hasira zilinipanda, zikitafuta mtu wa kumwangukia. Nilitaka kuivuta ile kanga niitupe nje. Nilikwenda dirishani nikarudi, nikaenda tena nikarudi. Mwishoni nikachuchumaa mbele ya uso wa mzee.

"Shikamoo baba. Una kidonda mgongoni. Kisipoangaliwa kila siku kitakuua, na wa kukiangalia ni huyu. Unamruhusu afungue macho?"

Mzee akafumba macho, akauficha uso wake kwenye mto.

"Unaona," mama akasema taratibu. "Ndiyo maana sikumuuliza."

Nilitoa glovu kwenye begi, nikamvisha mama, nikaushika mkono wake na kuuongoza pembezoni mwa kidonda. Nilimwambia asikie joto, asikie pale nyama inapokwisha. Nilikuwa nimekata shauri kumfundisha kwa vidole kama haiwezekani kwa macho. Mkono ukasimama. Nikaona ile kanga inalowa usoni pake. Pumzi zake zilikuwa zikikatika, na chumba kilikuwa kidogo.

Mzee alizisikia. Mkono wake mzima, ule wa kushoto, ukaanza kuhangaika kitandani. Nilidhani anatafuta maji, nikanyanyuka. Alikuwa anatafuta upindo wa shuka. Aliupata, akauvuta kwa shida, akajifunika uso wote hadi kwenye nywele.

"Haya," akasema chini ya shuka.

Mama alivua glovu, akafungua fundo. Aliinama akakitazama kidonda.

"Baba," akasema, "kumbe ulikuwa unaumia hivi na hukuniambia?"

Chini ya shuka ule ulimi mzito ulihangaika, ukakwama, ukaanza upya.

"Nilikuwa nakuona umechoka."