Mdhamini wa Masanja

Siku moja ya mnada wa Ulaya, Ulaya yetu hii ya Kilosa, haijanitoka kichwani, mwanangu, na mimi si mtu wa kubeba kisichonifaa. Nilikuwa dalali wa ng'ombe, kijana mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Meno ya ng'ombe niliyahesabu mara mbili: kwanza nijue umri wake, pili nijue muuzaji kanidanganya kiasi gani.

Mnadani kwetu mgeni hakuuza mnyama mpaka mwenyeji asimame kando yake na kusema mbele za watu, "Huyu namjua." Ng'ombe akigundulika ni wa wizi, anatafutwa aliyesema. Ndiyo maana maneno hayo mawili yalikuwa mazito kuliko ng'ombe mwenyewe.

Basi akaja Masanja, kijana wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa wakahamia Tindiga. Alishika kamba ya maksai mwekundu, mnyama safi. Mkewe alikuwa hospitalini Kilosa, uchungu umemkalia vibaya, na bila kuuza yule maksai hakuwa na la kufanya. Lakini mnada mzima ulimjua kwa jambo jingine. Msimu uliotangulia ndiye aliyeongoza wenzake kuingiza ng'ombe kwenye mpunga wa watu, na wenye mpunga walipotoka, fimbo zilitembea. Baadaye alianza kuja kanisani, akikaa benchi la mwisho. Watu walisema anapeleleza.

"Mdhamini wako yuko wapi?" nikamwuliza.

"Sina, kaka. Mke wangu yuko..."

"Basi mwombe maksai akudhamini. Yeye angalau hajapiga mtu."

Watu wakacheka. Nilikuwa na kipaji hicho, na hakikuwahi kunisaidia kitu.

Kicheko kikakatika ghafla. Mzee Mkude alikuwa anapita katikati yetu. Huyu alikuwa mzee wa kanisa pale Tindiga. Mpunga ulioliwa ulikuwa wake, na fimbo mojawapo ilitua kwenye kiwiko chake, kisinyooke tena.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Mwanangu, kwetu mzee akiiacha shikamoo yako ikining'inia hewani, ni afadhali akuchape.

"Meno ya ng'ombe unayahesabu mara mbili," akasema. "Mtu je, unamhesabu mara ngapi?"

"Lakini mzee, huyu ndiye aliye..."

"Kiwiko ni changu. Unataka kunisimulia?"

Akaushika mkono wa Masanja kwa ule mkono wake uliopinda, akauinua kadiri ulivyoweza kufika, nao haukufika mbali. "Huyu namjua," akasema. Hakuna aliyethubutu kubisha, maana nani angedai kumjua zaidi? Maksai aliuzwa papo hapo. Mama na mtoto walipona. Mtoto akaitwa Barnaba, ingawa mimi niliona haki ilikuwa ya maksai.

Jina hilo lilitoka kwa Mzee Mkude. Tukirudi kwa miguu alinieleza habari za Sauli, aliyewatesa waumini, kisha akageuka, na Yerusalemu nzima ikamwogopa. Mitume walimkimbia. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka mbele yao, akasema habari zake. "Alimdhamini," mzee akasema. Kisha akasema, "Marahaba." Nusu ya safari ilikuwa imekwisha.

Nilipofika nyumbani nilifungua Matendo ya Mitume, maana neno la mtu mmoja silinunui bila kukagua. Nikaona jambo ambalo mzee hakunitajia. Mwanzoni imeandikwa Barnaba na Sauli. Wakifika katikati ya safari, Sauli anaitwa Paulo na majina yanageuka: Paulo na Barnaba. Nikarudia kuhesabu. Mara chache tu Barnaba anarudi mbele. Wala hakuna mahali anapolalamika.

Miaka ikapita, usharika ukamchagua Masanja kushika nafasi ya Mzee Mkude. Nikaenda kumpa mzee pole.

"Pole ya nini?" akaniuliza. "Kwani nilimdhamini ili abaki benchi la mwisho?"

Sasa wewe, mwanangu, vijana wa Mikumi wamekuchagua mwenyekiti, nawe umeniambia kuna mmoja humtaki kwenye kamati kwa sababu ya mambo yake ya zamani. Mtama ukimwagika hauzoleki, kweli. Ila mwenye akili hupanda uliobaki. Uongozi hauanzii kwenye kiti. Unaanza pale unaposimama kando ya mtu ambaye wote wamemkwepa, ukaliweka jina lako juu yake. Mkague vizuri, sikukatazi; mimi mwenyewe ni dalali. Lakini ukishamkagua, simama. Na siku akikupita, usimvute shati.

Mungu akupe kiwiko kigumu na moyo laini. Unayemsimamia asikuaibishe, na akikuaibisha, upate nguvu ya kumsimamia mwingine. Nenda kamwite yule kijana. Ukirudi naye, shikamoo yenu nitaiitikia kabla hamjaimaliza.