Ute Si Uchafu

Mwanangu mwali, kaa vizuri, na usitazame chini. Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa hapa Kasongo, zamani za misafara ya pembe za ndovu, kabla ya vita ya Wazungu wa Bula Matari. Tulikuwa uani tunatwanga mpunga. Mama mkwe wangu, Bi Zaina, akaweka mchi chini, akasema mbele ya wanawake wote: "Huyu ni tasa. Mavuno yakipita, Ramazani ataoa mwingine, na huyu atarudi kwao Kabambare."

Hakuna aliyenitetea. Miye niliendelea kutwanga, lakini moyoni nilisema: subiri, mama, tutaonana.

Nilimpenda mume wangu, usifikiri ni mchezo. Ramazani alikuwa mpagazi, akibeba pembe kwenda upande wa ziwa. Akirudi alikuwa amekonda, macho mekundu kwa bangi ya njiani. Nyumbani napo kiko hakikutoka mdomoni. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana ugumba siku hizo ulikuwa na kanga kiunoni. Mwanamume hakuwa nao, wapi!

Na miye nilikuwa na ujinga wangu, ujinga wetu sisi wangwana wa mjini. Somo aliyenifunda kabla ya ndoa alinifundisha kuwa mwanamke mwungwana ni mkavu na msafi. Basi kila mwezi, damu ikishakwisha na siku kadhaa zikapita, ukija ule ute, nilishtuka. Nilisema huu ni uchafu, tohara yangu ya kuswali imeharibika. Nilijisafisha ndani kwa maji ya shabu na limau mpaka pakawaka moto, na mume nikamhamishia mkeka chumba cha nje hadi ute ukatike. Najisifu eti miye msafi! Ukavu ukirudi ndipo nilipomkaribisha.

Msafara uliofuata nikaomba kufuatana na Ramazani mpaka Kabambare, nikamwone mama yangu. Mama alikuwa Mubangubangu, kabila la huko, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona. Asubuhi moja alinikuta nyuma ya nyumba nasaga shabu.

"Hii ya nini? Unatengeneza ngozi ya mbuzi?"

Nikamweleza, kwa haya. Mama akapiga makofi. "Aa! Mutoto anabisha hodi, wewe unamumwagia limau ya macho! Kisha unalia nyumba iko tupu?"

"Lakini mama, tohara..."

"Tohara ni maji, na maji ni ya nje. Mwenyezi Mungu hakukuambia ujikaushe kama samaki wa kuuza. Ule ute, ukiuvuta, haunyooki kama wa yai bichi?"

"Unanyooka."

"Basi ndiyo njia ya mutoto. Ukiuona, usifukuze mume. Mwite!"

Akaimwaga shabu yangu kwenye majivu. Nilikasirika, mwanangu, kwa sababu kwa miaka yote ile hakuna aliyeniambia. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Na miye nilifichwa uchi wangu mwenyewe!

Kisha akaniuliza habari za mume, nikamwambia za bangi. Basi kwao mama mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso, ni mwiko. Unajua alifanya nini? Alisimama upande wa pili wa ukuta, Ramazani ameketi kivulini na kiko chake, akaanza kumsuta kuku. "Wewe kuku, wanakusema bure! Jogoo wako anakula moshi mchana kutwa, usingizi hana, chakula hataki, na mizigo inamuvunja mgongo. Atapanda nini huyu? Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kinga yako moja iko mbichi!"

Kuku alikwenda zake. Ramazani alibaki na kiko mkononi, hacheki.

Tuliporudi Kasongo, Bi Zaina alikuwa ameshaposa msichana, na amenichemshia chungu cha mizizi michungu ya mganga, ya kunifungua tumbo. Wanawake wamejaa uani. Akanipa bakuli. Nikalishika, nikamgeukia mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Sinywi," nikasema. "Nimekunywa ya kutosha. Kama ni dawa, safari hii aanze yeye."

Bi Zaina akaniita mshenzi. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, ni mshenzi, mtoto wa Mubangubangu, na sitoki nyumba hii!" Na bakuli nikalimwaga chini.

Ramazani akasema polepole, "Mama, posa irudishwe. Bangi nimeiacha njiani, na msafara ujao siendi. Nitalima mpunga."

Alilima. Akala, akalala, mwili ukarudi. Shabu haikuingia tena nyumbani kwangu, na ute ulipokuja nilimtandikia mkeka kwangu. Mpunga wa pili haujaiva, nikajifungua mtoto wa kike. Bi Zaina akaja mbio kutaka kumpa jina la mama yake. Nikamwambia jina limekwisha kutoka: anaitwa Sikujua. Basi kila alipomtaka mjukuu, bibi yule alisimama mlangoni mwangu, akapaza sauti majirani wote wasikie: "Sikujua! Sikujua!"

Wewe, mwanangu, ujue. Jua mwili wako na dalili zake, usiuchome kwa shabu wala kwa dawa ya kila mpita njia. Kula ushibe, pumzika. Mume aache moshi na ulevi, na akiona maumivu au usaha akikojoa aseme mapema, atafute tiba, asikuletee ugonjwa. Mtoto akichelewa, mchunguzwe nyote wawili. Na asipokuja kabisa, bado wewe ni mtu kamili, na atakayekuita tasa mwambie aje kwangu kwanza.

Haya, nenda. Mungu akupe afya, akupe mume mwenye masikio, na tumbo lako lisiwe kinu cha watu kutwangia maneno. Amina.