Mstari Aliosimama Mama Mkwe

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Ng'ombe wangu wa kwanza nilimpata kwa kulima pamba za watu kule Bunda, na leo zizi langu limejaa. Kwa hiyo wanasiasa wakijaga kunibembeleza, nawaambiaga wazi: kura yangu moja ni kutema mate ziwani.

Mwaka juzi maneno hayo yalinikaba. Lambo letu hapa Butiama, bwawa la kunyweshea ng'ombe, lilikuwa linachaguliwa mwenyekiti. Mmoja alikuwa mfugaji mwenzangu. Mwingine bwana aliyerudi na pesa kutoka Musoma, kanunua mashine ya kuvuta maji, anataka kumwagilia vitunguu, ng'ombe waende kunywa ziwani. Ziwani! Kutoka kwangu ni safari ya kutwa, na kiangazi ng'ombe aliyezaa hafiki.

Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Nilichelewa, ng'ombe wangu mmoja alikuwa anazaa. Nikakuta msimamizi ameshika filimbi, anasema akiipuliza hakuna kusogea. Mistari ilikuwa sawasawa, hata asiyejua kuhesabu angeona. Nikakimbilia wa mfugaji, mara nikasimama kama mtu aliyeona nyoka.

Wa mwisho alikuwa mama mkwe wangu.

Anakaa kijiji cha pili, lambo tunatumia moja. Huku kwetu mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Nikimwona njiani naingia porini, apite. Sasa nimpumulie mgongoni mbele ya watu? Heri ng'ombe wafe. Hapana, ng'ombe nao wasife.

"Mzee, njoo huku kwenye vitunguu, huku hakuna mkwe!" mtu wa mstari ule mwingine akapaza sauti. Watu wakacheka. Mama mkwe akajifunika khanga usoni.

"Ukisimama mbali sikuhesabu," msimamizi akasema, filimbi iko mdomoni.

Mke wangu alikuwa pembeni anauza maandazi. Asubuhi nilikuwa nimemwambia abaki na biashara yake, kura yake haitabadilisha kitu.

"Mama watoto! Njoo usimame hapa katikati!"

"Nije kufanya nini? Si ulisema kura ni mate?"

"Njoo, nakwambia!"

"Sema tafadhali. Kwa sauti, wasikie."

Nikasema. Mimi, mbele ya vijiji viwili.

Akafuta mikono taratibu, akasimama nyuma ya mama yake, na mimi nyuma yake. Filimbi ikalia. Walipomaliza kuhesabu, mfugaji kashinda kwa watu wawili. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nacheka peke yangu.

Mama mkwe akasema, uso kaelekeza kwingine: "Binti yangu, mwambie huyo mtu wako siku nyingine awahi."

"Amesikia, mama."

Jioni niliwapeleka ng'ombe lamboni. Yule aliyezaa asubuhi alifika polepole kwa miguu yake, akainamisha kichwa, akanywa kwa muda mrefu. Nilikaa ukingoni nikisikiliza anavyomeza. Mke wangu alikuwa ameniachia andazi moja, limepoa. Nililila lote.